Kitufe cha "Toa Ombi"

Nilipostaafu mwezi uliopita mlinipa keki, birika la umeme na daftari hili. Bi Moodley, mkuu wetu wa ofisi, aliniomba niandike humu mambo machache yatakayomfaa mkalimani mpya. Nadhani alitarajia orodha ya maneno. Nilianza kuiandika, ikanishinda kwenye ukurasa wa pili. Nitaeleza tu nilivyoifanya kazi hii na nilivyoikosea, na kila mmoja wenu atachukua analoweza kulitumia.

Kiswahili changu ni cha bibi yangu mzaa mama. Watu wetu waliishi Bluff, juu ya bandari, mpaka serikali ya zamani ilipotuhamishia Chatsworth nikiwa bado nabebwa mgongoni. Durban tunaitwa Wazanzibari, ingawa wengi wetu tukiulizwa Zanzibar iko upande gani tungenyoosha kidole baharini na kubahatisha. Nyumbani bibi alichanganya Kimakua na Kiswahili, shuleni tulisoma Kiingereza, dukani tulinunua kwa Kizulu. Sikuwahi kufikiri kwamba lugha ya bibi ingenipa mshahara.

Serikalini niliingia kama karani wa masjala, yaani mtu wa kutafuta mafaili yaliyopotea na kulaumiwa kwa yale yasiyopatikana. Kisha watu kutoka Burundi na Kongo wakaanza kujaa kwenye ukumbi wetu kuomba hifadhi ya ukimbizi. Mtu mmoja akakumbuka kwamba yule mama wa masjala huongea lugha fulani na watu wa msikitini kwao. Nikaitwa juu. Huo ndio usaili niliofanyiwa.

Afisa wa mahojiano aliitwa Baba Ngubane, mtu mnene mpole aliyeandika kwa kalamu ya bluu tu kwa sababu, alisema, nyeusi inafanana na fotokopi. Mtu wangu wa kwanza siku hiyo alikuwa Mkongo kijana. Aliulizwa kwa nini aliondoka mjini kwao kwa haraka vile. Akasema, "Bibi yangu ilikuwa na mimba." Nikatafsiri kwa sauti ya kujiamini kwamba nyanya yake alikuwa mjamzito.

Baba Ngubane aliweka kalamu chini. "Muulize huyo nyanya ana miaka mingapi."

"Makumi mbili na mbili," akasema yule kijana.

Ndipo nilipojua kwamba kwa Wakongo bibi ni mke. Baba Ngubane hakucheka mbele ya mtu yule, na hilo ndilo nililompendea. Alingoja mpaka jioni, akacheka peke yake akifunga kabati, kisha akanipa sheria yake. Kabla mtu hajatia sahihi, alisema, msomee maneno yake yote tena, kwa lugha yake, polepole. Akikunja uso mahali, simama hapo hapo. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuulizwa mara ya pili.

Niliishika sheria hiyo miaka yote aliyokuwa hai, na mingi baada yake. Ilituchelewesha. Maafisa wengine walinung'unika kwamba mahojiano yangu yanachukua muda mara mbili ya yale ya wenzangu, na walikuwa sahihi.

Nestor alikuja miaka michache baadaye. Alikuwa Mrundi, mrefu, mwenye mikono ya mtu wa vyuma. Kule Pinetown alipata kazi ya kuchomelea mageti. Mahojiano yake yalichukua siku mbili. Sitaandika humu aliyotueleza kuhusu kaka zake, ni mali yake. Nitaandika jambo moja tu. Nilipokuwa namsomea maelezo yake kabla ya sahihi, nilifika mahali nilipotafsiri kwamba usiku ule alikimbia. Akakunja uso. Nikasimama.

"Sikukimbia, mama," akasema. "Nilitembea. Kama ningekimbia wangeniona."

Baba Ngubane alifuta neno moja, akaandika jingine, na nyuma ya karatasi akaandika kwa nini limebadilishwa. Ilikuwa desturi yake: masahihisho yote ya kusomewa yalikaa nyuma ya karatasi.

Jibu la ombi la Nestor halikuja mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Mnajua jinsi mambo haya yanavyoenda. Kila miezi sita alirudi kuongezewa muda wa kibali chake cha kusubiri, nami nikawa kama mtu anayetazama maisha ya jirani kupitia dirisha dogo. Alikuja peke yake. Kisha akaja na Consolata, msusi wa nywele kutoka Overport, nikaandika jina la mke kwenye faili. Akaja mtoto wa kiume, nikaandika. Akaja wa kike, amefungwa kwenye blanketi la manjano, analia ukumbi mzima, nikaandika. Faili lake likanenepa mpaka likahitaji kamba. Nilimgongea mhuri mara nyingi kiasi kwamba nilijua ni mkono upi atatoa kwanza kupokea karatasi.

Baba Ngubane alifariki kwa kisukari katikati ya miaka hiyo. Nestor alisimama nyuma kabisa kanisani siku ya mazishi, na jaketi lake la kazini. Sijui nani alimwambia.

Sasa niseme ukweli kuhusu siku hizo za karatasi, maana nimewasikia baadhi yenu mkizisifu, na ninyi hamkuwepo. Watu walipanga foleni nje kuanzia alfajiri, mvua ikinyesha, akina mama na watoto wachanga. Wengine walitoka miji ya mbali ya jimbo letu, Newcastle na Port Shepstone, wakafika dirishani saa tisa alasiri wakaambiwa warudi kesho. Kulikuwa na watu waliouza nafasi kwenye foleni. Mafaili yalipotea, na faili likipotea mtu naye amepotea. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba huduma zote zitahamia mtandaoni, kwamba mtu ataongeza muda wa kibali chake kwa simu akiwa amekaa kwake, nilifurahi kuliko wote. Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono walipotafuta mtu wa kutafsiri kurasa kwa Kiswahili.

Thandeka ndiye aliyetengeneza mfumo wenyewe. Alitumwa kutoka makao makuu, mwanamke makini, mwenye adabu, asiyekula chakula cha mchana. Tulikaa pamoja wiki tatu. Alinionyesha kwenye skrini sanduku baada ya sanduku la kujaza, nami niliandika Kiswahili chake. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Nchi uliyotoka. Tulikuwa tumefika kwenye ukurasa wa vitufe, siku ya Alhamisi, mimi miguu imevimba. Kitufe kimoja kilikuwa cha mtu anayetaka kuachana na ombi lake la hifadhi, labda amepata kibali cha aina nyingine, au anarudi kwao. Niliandika: Ondoa ombi.

"Mama, halitoshi," akasema Thandeka. "Herufi ya mwisho inakatika. Huna neno fupi zaidi?"

Nilifikiri kidogo. Bibi yangu, tukirudi kutoka kucheza, alituambia kila siku: toa viatu mlangoni. Kutoa ni kuondoa. Nikaandika: Toa ombi. Likatosha vizuri, hata nafasi ikabaki.

Mtu akikibonyeza, mfumo ulimuuliza kama ana hakika. Akijibu ndiyo, ulimwandikia: Ombi lako limetolewa, asante. Hayo nayo niliyatafsiri mimi.

Mmeshaliona, najua. Ninyi mnaliona mara moja kwa sababu nimewaambia mapema kwamba kuna kosa. Mtu yeyote anayesema Kiswahili, kuanzia Mombasa mpaka Bukavu, akitaka kuomba kitu husema anatoa ombi. Nami husema hivyo. Nilikuwa nimelisema asubuhi ile ile. Lakini kwenye skrini nililiona kwa upande mmoja tu, kama mtu anayesoma saa kutoka kwenye kioo. Ilikuwa imepangwa kwamba wakimbizi wachache waitwe wajaribu mfumo mbele yetu kwa siku tatu, kisha siku hizo zikafutwa kwa sababu uzinduzi ulikuwa umekaribia. Mimi ndiye niliyepewa kurasa zote nizipitie mara ya mwisho. Nilizipitia nikila sandwichi. Hapakuwa na mtu wa kukunja uso.

Baada ya uzinduzi ukumbi ulibaki mtupu, mpaka wasafishaji wakaanza kulalamika kwamba hawana la kufanya. Mimi nilipewa meza, kompyuta na vipokea sauti vya kichwani. Ukalimani sasa ulikuwa wa simu. Mafaili ya karatasi yalipigwa skani na kampuni moja ya nje, yakapelekwa kwenye ghala.

Nestor alikamatwa Pinetown, kwenye robot, yaani taa za barabarani, karibu na stendi ya taxi, taa ikiwa nyekundu. Polisi walikuwa wanakagua watu. Alitoa kibali chake, wakakiangalia kwenye mashine ndogo, mashine ikasema kibali hakipo tena. Mimi sikujua. Nilijua baada ya siku kumi na mbili, nilipopigiwa simu kama ninavyopigiwa simu nyingine yoyote. Alikuwa afisa wa kituo cha kuzuilia wahamiaji, mbali huko Gauteng. Alisema ana Mrundi mmoja, anataka mkalimani wa dakika tano tu.

"Muulize kama aliliondoa ombi lake la hifadhi yeye mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu."

Nikauliza kwa Kiswahili, na Mungu anisamehe, nilitumia neno lile lile. "Baba, afisa anauliza kama ulitoa ombi lako wewe mwenyewe."

"Ndiyo, mama," sauti ikajibu. "Nilitoa miye mwenyewe, na simu yangu. Nilifinya pale, ikaniuliza kama niko na hakika, nikasema ndiyo. Ikaandika asante."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutafsiri. Kwanza niliitambua sauti. Halafu nikayasikia maneno.

"Nestor," nikasema. "Ni Zubeda wa Durban. Nisikilize. Ulipofinya pale, ulitaka nini? Uliomba uongezewe muda, au uliomba ombi lako lifutwe?"

"Mama Zubeda," akasema, "mutu gani anaomba asipewe?"

Nilimweleza afisa kila kitu. Alinisikiliza, hakuwa mtu mbaya. Akasema kwenye skrini yake imeandikwa kwamba mwombaji aliondoa ombi na kuthibitisha.

"Alithibitisha neno langu," nikamwambia. "Neno hilo niliandika mimi, na lina maana mbili."

"Nitaandika kwamba mkalimani ana maoni," akasema, akakata simu.

Nilivua vipokea sauti nikaenda kwa Bi Moodley. Nataka mjue kwamba alisimama nilipokuwa bado nazungumza, akampigia Thandeka hapo hapo. Kesho yake alasiri kitufe kilisomeka Ondoa ombi. Thandeka alikipanua kidogo tu, kazi ya muda mfupi kuliko kunywa chai. Alinipigia akilia, akaniuliza kwa nini sikumwambia siku ile kwamba fupi halipo. Mimi nilikuwa nimemwambia lipo.

Nestor hakuwa peke yake aliyekibonyeza. Wengine tuliwatafuta na kuwarudisha kwenye mfumo wiki hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewakamata. Nestor alishaandikiwa amri ya kuondolewa nchini, na amri ya namna hiyo haifutwi na ofisi yetu. Ilibidi ipelekwe mbele ya bodi ya rufaa. Wakili wa kujitolea alinitaka niandike kiapo.

Bi Moodley alifunga mlango tulipozungumza hilo. "Tafsiri ilipitishwa na kamati," akasema. "Ukiandika kwamba ni kosa lako, Zubeda, utalibeba peke yako. Na umebakiza muda mfupi."

"Kamati haijui Kiswahili," nikamwambia.

Hakunizuia. Aliniletea fomu mwenyewe. Niliandika kurasa mbili, kwa kalamu ya bluu.

Lakini kabla ya kuapa nilikwenda Overport. Niliona si haki Consolata asikie habari hii kutoka kwa wakili. Nilimkuta saluni, anamsuka mteja, vidole vinakwenda kasi. Nilimsalimia, nikasimama kando ya kioo, nikamweleza nilichokifanya. Mteja alijifanya anaangalia simu yake. Consolata hakuacha kusuka.

"Ile neno kwenye simu," akasema, "ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

Alimaliza msuko ule, akaufunga mwisho kwa uzi, akaanza mwingine. "Basi andika tena," akasema.

Rufaa ilikwama mahali ambapo ninyi wa masjala mnapaswa kupajua. Bodi ilitaka faili zima. Faili kwenye kompyuta lilikuwa na mbele ya karatasi tu. Waliopiga skani hawakugeuza hata moja. Kila neno ambalo Baba Ngubane alilisahihisha lilionekana limefutwa bila maelezo, kama mtu aliyebadilisha hadithi yake. Karatasi zenyewe zilikuwa ghalani, na ghala halikuwa na orodha. Nilikwenda huko siku zangu tatu za likizo, kisha Jumamosi kadhaa, nikifungua maboksi pamoja na mlinzi aliyenionea huruma. Nilipoliona lile faili lenye kamba nilikaa juu ya boksi, nikageuza karatasi moja moja. Skanini pande zote mbili. Kama mtasahau yote niliyoandika humu, msisahau hilo.

Ilikuwa imepita miezi mitano. Kila wiki nilimpigia Nestor kwenye simu ya kituo, nikimwambia rufaa inasonga. Mwanzoni aliuliza inasonga mpaka wapi. Baadaye akawa anajibu, "Sawa, mama," hata kabla sijamaliza. Wiki moja baada ya faili kupatikana, nilipiga nikaambiwa hayupo. Alikuwa ametia sahihi karatasi ya kurudi kwao kwa hiari, na ndege ilikuwa imeshaondoka. Hakuna aliyemlazimisha. Alimwambia mkewe kwa simu kwamba kila asubuhi wanaita majina ya watu wa kutoka, na yeye amechoka kusikiliza majina ya wengine. Consolata alimwambia asubiri. Akamjibu kwamba amesubiri tangu kabla hawajajuana.

Uamuzi wa bodi ulikuja wiki tisa baadaye. Ulikuja kwa barua pepe, kama kila kitu siku hizi, kwenye anwani ya Nestor ambayo mwanawe ndiye aliyemfungulia. Consolata alikuja nayo ofisini kwenye simu, katika wiki yangu ya mwisho kazini. Walinzi siku hizi hawamruhusu mtu asiye na miadi; nilishuka mwenyewe nikampandisha. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Kiswahili chetu kilikuwa kimeishia kwenye vitufe.

"Nisomee," akasema.

Nilimsomea kama nilivyofundishwa, polepole, sentensi moja moja. Kwamba rufaa imekubaliwa. Kwamba kuondolewa kwa ombi kulitokana na kosa la lugha lisilo la mwombaji. Kwamba faili limefunguliwa upya, na vibali vya mke na watoto, vilivyofutika pamoja na chake, vimerudi. Kwamba mwombaji afike yeye mwenyewe katika ofisi ya Durban ndani ya siku thelathini, akiwa na picha mbili.

"Afike vipi?" akauliza Consolata.

Nilirudi kwenye barua, ingawa nilijua haisemi. Haikuwa viza wala tiketi. Mpakani wasingeitambua. Nilimwambia hivyo, na hakukunja uso wala kulia. Aliuliza kama mtoto wa kiume sasa anaweza kuandikishwa chuo mwakani. Nikamwambia anaweza. Tukajaza fomu yake pale pale, nikamsomea kila sanduku kabla hajabonyeza.

Tulipomaliza akasema, "Ongea na yeye," akapiga simu ya WhatsApp, akanipa.

Nestor yuko Gitega, Burundi, kwa binamu yake. Kilimani kwao, alikozaliwa, haendi. Walioko huko ni wale wale wa usiku ule. Uso wake ulitokea kwenye skrini karibu mno, paji la uso na jicho moja, nyuma yake ukuta wa matofali. Tulisalimiana. Aliniuliza kuhusu miguu yangu. Nilimweleza barua inasema nini, naye akasema Consolata atamtunzia. Halafu nikamwomba msamaha. Sikuwa nimewahi kumwomba. Kwenye simu ya kituo kila mara kulikuwa na mtu anasikiliza. Nilisema neno ni langu, nililichagua kwa kuwa lilikuwa fupi, na nilipaswa kumwuliza hata mtu mmoja.

Aliirudisha simu nyuma, nikamwona uso mzima.

"Unajua, mama," akasema, "siku ile nilipoona ile neno nilifurahi. Nilimuita Consolata nikamuonyesha simu. Nikamwambia, ona, leo serikali inasema na sisi kwa Kiswahili."

Consolata alikuwa akitazama nje ya dirisha. Nilimwuliza Nestor kama mvua zimeanza huko, akasema bado.